Saa Sita Baada ya Kuipua

Saa tano asubuhi, katika kibanda cha mama lishe mmoja ninakokula mara kwa mara karibu na kituo cha daladala jijini Dar es Salaam, sufuria kubwa ya wali huipuliwa. Makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko hurudishwa jikoni, mfuniko hufunuliwa, na mvuke unaopanda ni mkali kiasi kwamba mpishi hulazimika kugeuza uso pembeni. Katika dakika ile, wali huo ni miongoni mwa vyakula salama kabisa ambavyo mkazi wa jiji hili anaweza kuvitia kinywani siku hiyo. Kisha wali huhamishiwa kwenye beseni la plastiki, hufunikwa kwa kitambaa cheupe, jiko hupokea sufuria ya maharage, na beseni huwekwa kwenye kona ya meza kusubiri wateja. Wateja wa mwisho, makondakta na vibarua wanaotoka kazini, huula saa kumi na moja jioni.

Ninaanza na saa hizo sita kwa sababu mjadala wetu kuhusu usalama wa chakula cha mtaani umezoea kuanzia kwingine. Tunaanzia kwenye vumbi la barabara, mtaro ulioziba, nzi na aproni iliyochakaa, na tunaishia kwenye hukumu kwamba chakula cha kibandani ni kichafu na cha hotelini ni kisafi. Mambo hayo hayapaswi kupuuzwa, hususan nzi na mtaro. Lakini bakteria hajali hadhi ya jengo. Anachotegemea ni joto, muda, unyevu na mkono wa mtu, na ukiyapima mambo hayo manne utaona kwamba sehemu kubwa ya hatari ya chakula cha mtaani huzaliwa baada ya moto: namna chakula kinavyokaa, vitu vibichi vinavyoongezwa juu yake, na maji yanayooshea sahani na mikono. Kusema hivyo si kumtetea kila muuzaji. Ninachodai ni kwamba ukaguzi wetu, amri zetu na hata tahadhari zetu sisi walaji vimeelekezwa mahali penye hatari ndogo, na penye hatari kubwa pameachwa wazi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kanuni tano za chakula salama, zilizotolewa mwaka 2001 na kubandikwa katika kuta za zahanati nyingi: kudumisha usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika mpaka chakula kiive kabisa, kukitunza katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Katika kanuni ya tatu mama lishe wetu wanafaulu vizuri sana. Ugali, maharage, wali na supu huchemka kwa muda mrefu, zaidi sana ya nyuzijoto 70 zinazohitajika kuua bakteria wengi wanaoleta maradhi. Ni kanuni ya nne inayowaangusha. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae juu ya nyuzijoto 60 au chini ya nyuzijoto 5, na kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Kivulini tu, mchana wa Dar es Salaam hukaribia nyuzijoto 30 kwa miezi mingi ya mwaka, na friji hakuna kwa sababu umeme haujafika kibandani.

Hesabu yake kila mtu anaweza kuifanya. Bakteria mmoja anayegawanyika kila baada ya dakika 20, kasi ambayo aina nyingi huifikia katika joto zuri na chakula chenye unyevu, huwa 8 baada ya saa moja, 512 baada ya saa tatu, na zaidi ya 262,000 baada ya saa sita. Hapo tumeanza na mmoja. Chakula kilichoguswa kwa kitambaa kibichi au kwa mkono usionawiwa hakianzi na mmoja.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, bakteria hao wametoka wapi ikiwa chakula kilichemka. Jibu ni kwamba wengine hawakuondoka. Bacillus cereus huishi udongoni, na kwa hiyo huja pamoja na punje za mchele kutoka shambani. Anapokumbana na joto kali hujifunga ndani ya spora, mithili ya mbegu yenye ganda gumu, na spora hizo hustahimili kuchemka. Wali unapopoa na kuwa wa vuguvugu, ganda hufunguka na uzazi huanza upya, safari hii karibu bila mshindani, kwa kuwa bakteria wengine wengi wamekufa sufuriani. Baadhi ya jamii za bakteria huyu hutoa sumu inayomfanya mtu atapike ndani ya saa moja hadi sita, na sumu hiyo ikishaumbika, moto wa jikoni hauivunji. Inavumilia nyuzijoto zaidi ya 100. Mwenzake ni Clostridium perfringens, anayependa vyakula vizito vya nyama na maharage vilivyopikwa katika sufuria kubwa, ambavyo katikati yake hupoa polepole na hewa haifiki. Katika joto la nyuzijoto 43 hivi, huyu anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 10. Wanaopika pilau ya shughuli kwa watu mia tatu na kuiacha usiku kucha wangefaa kumjua kwa jina.

Hapa ndipo ninapoona umuhimu wa kusema waziwazi juu ya kiporo. Wengi wetu tumelelewa kwa imani kwamba moto huua kila kitu, na kwamba kiporo kikipashwa mpaka kitoe mvuke kimerudi kuwa kipya. Imani hiyo ni kweli nusu. Kupasha vizuri kunaua bakteria walio hai, na kwa hiyo ni bora mara nyingi kuliko kula baridi. Ila sumu ambayo tayari imeachwa ndani ya chakula na Bacillus cereus au Staphylococcus aureus haiondoki kwa kupasha. Huyu Staphylococcus hukaa puani, kwenye ngozi, na kwa wingi mno kwenye majipu na vidonda vyenye usaha, ndiyo maana mkono wenye jipu ni hatari zaidi jikoni kuliko sakafu yenye vumbi. Imani nyingine ni ile ya kunusa. Mpishi hufunua, hunusa, husema hakijachacha, na sote tunaridhika. Lakini harufu ya kuchacha hutokana na bakteria waharibifu wa chakula, ambao si lazima wawe ndio waletao maradhi, na wali wenye sumu ya kutosha kumlaza mtu unaweza kunukia nazi vizuri kabisa.

Ushahidi kwamba tatizo liko upande huu haukuanza leo. Mwaka 2002 jarida la WHO lilichapisha utafiti uliofanywa Accra, Ghana, ambako sampuli 511 za vyakula vya mitaani zilichunguzwa maabara. Vyakula vingi vilivyokuwa vimepikwa na kuuzwa vya moto vilikuwa katika kiwango kinachokubalika. Vilivyofeli ni saladi, makaroni, pilipili ya kusaga, na vyakula kama fufu na mabonge ya wali ambavyo huiva kwanza na kisha hufinyangwa kwa mikono. Ukivitazama vyakula hivyo utaona sifa moja: vyote hupitia mkononi, au huongezwa vibichi, baada ya moto kumaliza kazi yake. Sioni sababu ya kudhani kwamba sahani ya Kariakoo au ya Mwanjelwa kule Mbeya ingetoa jibu tofauti sana.

Tuichukue sahani ya chipsi mayai, chakula ambacho vijana wengi wa mjini hukila jioni. Viazi vimekaangwa katika mafuta yanayozidi nyuzijoto 150. Mayai yamemiminwa juu yake na kuiva mbele ya macho ya mteja. Hadi hapo hakuna cha kulaumu, ikiwa tu mayai yameiva mpaka katikati. Simama sasa umwangalie muuza chipsi kwa makini. Anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, ute unamchuruzika vidoleni, anajifuta kwa tambara lililotundikwa kwenye mpini wa kabati la vioo, anapokea noti, anarudisha chenji, kisha anachota kachumbari kwa vidole vilevile na kuiweka pembeni ya chipsi. Mayai mabichi yanaweza kubeba Salmonella, juu ya ganda na wakati mwingine ndani. Katika sekunde kumi na tano, alichokifanya moto kimefutwa. Tambara lile ndilo kitu ninacholiogopa zaidi katika kibanda chote: lina unyevu kutwa nzima, lina mabaki ya chakula, linagusa meza, sahani, kisu na mikono, na halikauki kamwe. Noti za fedha zinalaumiwa kuliko zinavyostahili. Ni chafu kweli, lakini ni kavu, na mkono uliotoka chooni bila sabuni una mzigo mkubwa zaidi.

Kachumbari yenyewe inahitaji maelezo ya haki. Nyanya na vitunguu havikupikwa, vimekatwa tangu mchana, vimeoshwa kwa maji ya ndoo, na vinakaa katika bakuli lisilo na baridi. Lakini wazee wetu hawakukosea walipoikamulia limau. Asidi huwazuia bakteria wengi, na utafiti uliofanywa Guinea-Bissau wakati wa mlipuko wa kipindupindu katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba familia zilizotia maji ya ndimu katika chakula ziliugua kidogo kuliko zile ambazo hazikutia, kwa kuwa kimelea cha kipindupindu hakivumilii asidi. Hali kadhalika togwa: tafiti zilizofanywa hapa Tanzania katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walikutwa na vimelea vichache zaidi vya maradhi ya tumbo. Hii ni elimu ya kwetu, iliyokuwepo kabla ya maabara, na inasikitisha kwamba katika semina nyingi za usafi wa chakula haitajwi kabisa. Mipaka yake nayo isemwe. Baadhi ya jamii za Salmonella, Shigella na E. coli huvumilia asidi vizuri kuliko kipindupindu, na limau moja katika bakuli la kachumbari ya watu sitini ni ladha tu. Limau nyingi, kachumbari kidogo inayokatwa upya kila baada ya saa moja au mbili, na kijiko chenye mpini mrefu kisichotumiwa kwa kitu kingine, hayo ndiyo yangebadilisha mambo.

Nipite haraka kwenye juisi ya miwa na ukwaju, maana jambo lake ni moja: barafu. Watu huamini kwamba baridi huua vijidudu. Baridi huwasinzisha. Barafu iliyogandishwa kutoka maji yasiyochemshwa, ikabebwa katika gunia na kupasuliwa juu ya turubai, huingia kwenye glasi na kila kilichokuwa ndani yake kikiwa hai.

Kuna pia bakuli la pweza. Jioni, kwenye kona nyingi za jiji hili, pweza huchemshwa, hukatwa vipande vidogo juu ya ubao, na mteja huchoma kipande kwa kijiti, akakichovya kwenye bakuli la pilipili lililo mbele ya wote, akala, akachoma kingine, akachovya tena. Ni chakula ninachokipenda, na supu yake inayochemka mfululizo haina neno. Bakuli hilo moja, hata hivyo, limekusanya vijiti vilivyotoka katika vinywa vya watu wote waliosimama pale tangu magharibi. Dawa yake haina gharama yoyote: muuzaji aimwage pilipili kwa kijiko juu ya kipande cha kila mteja. Nimewaona wauzaji wawili tu wanaofanya hivyo.

Lakini mambo haya yote, mkono, tambara, sahani na kijiko, yanarudi kwenye maji. Nyuma ya kibanda nilichoanza nacho kuna beseni moja na ndoo mbili. Beseni lina maji ya sabuni, ndoo ya kwanza ni ya kusuuzia, ya pili ni akiba. Maji hayo hununuliwa kwa madumu ya lita 20 kutoka kwa kijana mwenye mkokoteni. Kufikia saa nane mchana, maji ya kusuuzia yamepata rangi ya mchuzi na utando wa mafuta umetanda juu, na sahani ya mteja wa arobaini inasuuzwa katika maji yaliyosuuzia sahani za watu thelathini na tisa. Mama huyu anajua kwamba maji yanapaswa kubadilishwa. Kila kubadilisha ni dumu jingine, na kila dumu hutoka katika faida ya sahani kadhaa. Nilipomgusia jambo hilo alinijibu kwa utulivu: “Mwanangu, niletee bomba hapa nyuma, hizi ndoo utanikuta nimezigeuza viti.”

Kuna linalowezekana hata bila bomba, na ni vizuri lisemwe kwa vipimo. Kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya nguo nyeupe, ile ya asilimia 3.5 ambayo wengi huiita jiki, katika lita mbili za maji safi, hutoa maji yenye karibu miligramu 90 za klorini kwa lita, yanayotosha kuua bakteria walio wengi juu ya sahani iliyozama humo kwa dakika mbili. Sharti lake ni kwamba sahani iwe imeshaoshwa kwa sabuni kwanza, kwa sababu mafuta na mabaki ya chakula humaliza nguvu ya klorini kabla haijawafikia bakteria. Baada ya hapo sahani iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa na lile tambara. Kwa mikono, kibuyu chirizi, dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba, hutoa maji yanayotiririka kwa matone machache na kuondoa kabisa desturi ya kunawa watu wengi katika beseni moja. Yalipokuja maradhi ya UVIKO-19 tuliona ndoo zenye koki katika kila mlango wa duka na benki. Nyingi zimeondolewa. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba kuhara kulikuwa kumeondoka nazo.

Ukaguzi wa serikali unasema nini juu ya haya? Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya wa halmashauri mamlaka makubwa juu ya maeneo ya kuuzia chakula, na tangu mwaka 2019 majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa yalihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Muundo huo uliwekwa kwa ajili ya viwanda, maghala na hoteli zaidi kuliko kwa ajili ya meza ya mbao. Anapofika kibandani, bwana afya hutazama anachoweza kukitazama kwa macho: kofia, aproni, pipa la taka, choo kiko umbali gani, na zaidi ya yote cheti cha kupima afya, ambacho mhudumu wa chakula hutakiwa kukihuisha kila miezi sita. Joto la wali halipimwi. Saa ulipoipuliwa haiulizwi.

Cheti hicho kina kazi yake, lakini tunakibebesha mzigo kisichoweza kuubeba. Mwaka 1907 huko New York maafisa wa afya walimgundua mpishi mwenye asili ya Ireland, Mary Mallon, ambaye hakuwa na homa wala udhaifu wowote na bado alikuwa akiacha homa ya matumbo katika karibu kila nyumba aliyoipikia. Aliwekwa karantini kisiwani, akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena, na mwaka 1915 akakutwa akipika kwa jina jingine katika hospitali ya wazazi ambako homa hiyo ilikuwa imezuka. Alirudishwa kisiwani na kukaa huko mpaka alipofariki mwaka 1938. Mafunzo ya kisa hiki kwetu ni mawili. La kwanza ni la kitabibu: asilimia chache ya waliougua homa ya matumbo hubaki wabebaji, vimelea vikijificha katika mfuko wa nyongo na kutoka kwa vipindi, hivyo kipimo cha choo cha siku moja kinaweza kurudi safi kwa mtu ambaye si safi. Sabuni baada ya chooni humlinda mlaji kila siku. Cheti humlinda siku ya kipimo. La pili ni la maisha. Mallon alirudi jikoni kwa sababu kazi ya udobi aliyopewa badala yake ililipa kidogo kuliko upishi. Ukimzuia mtu kupika bila kumpa njia nyingine ya kula, atapika mahali usipomwona.

Hilo la pili tunalisahau kila kipindupindu kinapozuka. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu nchi nzima, na kufikia Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 24,000 na vifo vimezidi 370, Bara na Zanzibar. Miongoni mwa hatua za mwanzo katika hali kama hiyo huwa ni kufukuza wauza chakula. Lusaka, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, hata jeshi lilitumika kuwaondoa wachuuzi barabarani. Mlipuko ule ulipungua, lakini wakati uleule maji yalitiwa klorini, matangi ya dharura yaliletwa mitaani na mamia ya maelfu ya watu walipewa chanjo, kwa hiyo anayesema kwamba ni kuondolewa kwa wachuuzi kulikoukomesha anasema asichoweza kukithibitisha. Sipingi kufunga kwa muda sehemu inayouza chakula kando ya maji machafu wakati watu wanakufa. Ninachopinga ni kufunga na kufungua tena miezi mitatu baadaye, mahali palepale, kwa ndoo mbili zilezile.

Isitoshe, ukuta na kiyoyozi havijawahi kuwa kinga. Mwezi Juni 2017 washiriki wa mkutano uliofanyika hotelini Nairobi waliugua kipindupindu kwa makumi. Afrika ya Kusini, kati ya 2017 na 2018, ilipata mlipuko mkubwa wa listeria, maradhi ya bakteria yanayoenezwa na chakula, wagonjwa zaidi ya 1,000 waliothibitishwa na vifo zaidi ya 200, na chanzo chake kilikuwa soseji ya poloni iliyotengenezwa kiwandani, ikafungwa vizuri na kuuzwa katika maduka makubwa yenye friji. Kilichotofautisha tukio hilo la Afrika ya Kusini na ya vibandani ni kwamba watu walijua kilichowaua. Kule kulikuwa na maabara iliyootesha vimelea kutoka kwa wagonjwa na kuvilinganisha na vya kwenye chakula hadi chanzo kikapatikana.

Kwetu hatua hiyo ndiyo inayokosekana, na ni pengo ninaloliona kubwa kuliko yote kwa upande wa serikali. Makadirio ya WHO ya mwaka 2015 yalisema kwamba chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 600 duniani waugue kila mwaka na kuua 420,000, na kwamba kanda ya Afrika ndiyo yenye mzigo mkubwa kuliko zote kwa kulinganisha na idadi ya watu wake, vifo 137,000. Hayo ni makadirio, kwa sababu mgonjwa wa kuhara anapofika katika zahanati ya mtaa hupewa dawa na kuondoka; choo chake hakioteshwi, na aliyekula naye haulizwi. Akiwa na homa, mara nyingi hupimwa kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896 na kinachojulikana kwa kutoa majibu ya uongo, kisha huambiwa ana taifodi. Ndiyo maana mijini kwetu kila mtu amewahi “kuwa na taifodi”, na kila mtu ana kibanda anachokituhumu, pengine bila haki. Vituo vichache tu katika kila jiji kubwa, vikichukua sampuli za wagonjwa na za vyakula kwa mwaka mzima, vingetupa majibu ambayo hakuna operesheni ya kubomoa vibanda imewahi kutupa.

Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kulipia vitambulisho vya shilingi 20,000, na mwaka 2021 machinga wa Dar es Salaam walihamishiwa maeneo maalumu. Katika yote mawili swali la kwanza kuhusu mama lishe lingepaswa kuwa kama fedha ile, au eneo lile, vinakuja na bomba la maji, shimo la maji machafu na choo chenye sabuni. Bomba moja kwa meza ishirini lingetosha kuanzia, likilipiwa kwa ushuru wa siku ambao wanautoa hata sasa. Kumhamisha mpishi kutoka barabarani kwenda uwanja wenye paa lakini usio na maji kunapendezesha barabara. Katika hesabu ya bakteria hakuna kilichopungua.

Joto, kwa upande wake, liko mikononi mwa mpishi zaidi kuliko maji. Wali unaweza kupikwa mara mbili katika sufuria ndogo badala ya mara moja katika kubwa. Unaweza kuwekwa kwenye hotipoti nzuri ukiwa wa moto kabisa, na hotipoti isifunguliwe ovyo. Maharage na mchuzi vinaweza kubaki juu ya makaa ya moto mdogo. Mlaji naye anaweza kuomba apakuliwe kutoka sufuria iliyo jikoni, na akifika jioni akaacha kachumbari ya mchana. Wengi wa wapishi hawaudhiki kuombwa hivyo.

Nilimweleza mama yule habari za mchele na spora, naye akanisikiliza huku akimenya vitunguu. Alitaka kujua kwa nini basi watu hawaugui kila siku, na swali lake ni la haki: wengine huugua na kulaumu kitu kingine, wengi hula mapema, na si kila mchele una bakteria wenye kutoa sumu. Kupika mara mbili, alisema, kazi yake haimtishi. Mkaa ndio unaomkamata, kwa kuwa jiko la pili ni kopo jingine la mkaa kila siku. Tulihesabu pamoja kwenye kipande cha boksi: mkaa wa ziada upande mmoja, na upande mwingine wali anaoumwaga kila jioni kwa sababu umekauka na wateja wanaukataa. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri. Nilipopita wiki iliyofuata, saa tisa alasiri, sufuria ndogo ilikuwa ndiyo kwanza inapaliwa makaa, beseni la plastiki limegeuzwa kifudifudi juu ya meza, na yule kijana wa mkokoteni alikuwa anashusha dumu la pili la siku hiyo.